Mguu Usiosikia Maji

Kwa siku kadhaa baba yangu aliwagombeza wateja wake kwa kutema tambuu ndani ya duka. Yeye ni fundi wa kanzu, na duka lake ni chumba cha chini cha nyumba yetu hapa kisiwani Amu, chenye mlango unaofungukia kichochoro chembamba ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuze bega. Wazee hupenda kukaa barazani pale, wakitafuna na kuzungumza huku yeye akishona. Kwa hiyo alipoona madoa mekundu kwenye sakafu, hakufikiri mara mbili. Alitafuta kopo, akalijaza mchanga, akaliweka mlangoni.

"Temeni humu. Sakafu yangu si jaa."

"Mimi nitatafuna kwa kitu gani, fundi?" akasema mmoja wao, akapanua kinywa kumwonyesha kwamba hana jino hata moja. Wakacheka wote, na baba akacheka nao. Kesho yake madoa yakawepo tena.

Mama ndiye aliyegundua. Alikuwa akipiga deki akaona madoa yametoka dukani, yamepanda ngazi, yamepita ukumbini na kuishia kando ya kitanda.

"Bwana," akamwambia, "huyo mteja wako wa tambuu hulala na wewe?"

Akamkalisha, akaugeuza unyayo wake wa kulia kwenye mwanga. Chini ya kidole gumba, pale pale anapokanyagia pedali ya cherehani, palikuwa na tundu, na ndani ya tundu nusu ya sindano. Baba aliitazama kama mtu anayeonyeshwa kitu kilichookotwa njiani. Alijua kuna sindano iliyovunjika. Aliitafuta sakafuni, hakuiona, akachukua nyingine na kuendelea na kazi.

Mama aliponihadithia kwa simu alianza kwa kicheko, kwa sababu habari ya tambuu ilikuwa ya kuchekesha kweli. Alipofika kwenye sindano sauti ikamshuka.

"Haikumuuma?" nikauliza.

"Ati haikumuuma."

Baba amekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Nilikuwa nimesoma kwamba neva za miguuni ndizo hutangulia kufa, na nilikuwa nimeandika hivyo katika mtihani na kupata alama zangu. Lakini sikuwa nimewahi kufikiri maana yake ni nini: kwamba mtu anaweza kukanyaga sindano, akaivunja ndani ya nyama yake, akamaliza kanzu ya watu, akaenda kusali, akarudi akala, akalala.

Wakati huo nilikuwa Nairobi, katika maabara ya chuo kikuu nilikosoma, nikifanya kazi ya mkataba baada ya kupata shahada ya biokemia. Tulikuwa tukichunguza namna kidonda kinavyopata damu. Mshipa wa damu una bitana ndani yake kama koti lilivyo na bitana: tabaka moja la seli zilizolala bapa, zimeshikana ubavu kwa ubavu. Mwili ukijeruhiwa, baadhi ya seli hizo huachana na jirani zake, hutoka kwenye mshipa na kutambaa kuelekea kwenye jeraha. Nyingine hufuata nyuma, mpaka msafara wote unakuwa mrija mpya na damu inapita ndani yake. Swali letu lilikuwa moja tu: zinajuaje pa kwenda? Hazina macho.

Sehemu ya jibu iko kwenye takataka. Nje ya seli kuna wavu wa protini unaoishikilia nyama pamoja. Jeraha likitokea wavu huo hukatwakatwa, na vipande vyake huanza kufanya kazi ambayo protini nzima haikuwa ikiifanya. Ikiwa nzima, protini imejikunja, haina la kusema. Ikivunjika, sehemu iliyokuwa imefichika inatokeza nje, na seli ikiigusa inaitambua. Seli hunyoosha kitu kama guu kuelekea upande wenye vipande vingi zaidi, hushika, hujivuta, hunyoosha tena. Viko pia vipande vinavyofanya kinyume, vinavyoiambia seli isimame hapo hapo ilipo. Tulikuwa na chupa ndogo ndogo za vipande hivi ndani ya friji, na kazi yangu ilikuwa kujua kipi kinaita na kipi kinazuia.

Seli zenyewe tulizipata kwenye vitovu vya watoto waliozaliwa hospitalini, kwa idhini ya mama zao. Kwetu kitovu huzikwa. Pale kilipasuliwa, mshipa wake ukaoshwa kwa ndani, na seli za bitana zikapandwa kwenye sahani ya plastiki mpaka zikaitandaza sahani nzima. Kisha nilichukua ncha ya plastiki nikakwaruza mstari katikati. Hicho ndicho kilikuwa kidonda chetu. Kesho yake asubuhi ukichungulia kwenye hadubini unakuta kingo za mstari zimesogeleana. Na ukiwa umetia kipande kinachofaa, mstari umeziba. Nimeona vidonda vikipona kwa namna hiyo mara nyingi kiasi cha kuchoka kuviona.

Mkataba ulipoisha, na hakukuwa na dalili ya mwingine, nikarudi nyumbani. Sindano ilikuwa imeshatolewa. Kidonda kilikuwa kingalipo.

Lazima niseme kwamba sikuwa mtu rahisi kukaa naye. Tangu utotoni nilikuwa na neno moja mdomoni, "umejuaje?", na baba aliniita Bi Umejuaje mbele ya wateja, wakati mwingine kwa fahari, wakati mwingine kwa kuudhika. Niliwauliza walimu wa madrasa, niliwauliza walimu wa skuli, na chuoni nikafundishwa kwamba kuuliza hivyo ni kazi ya heshima. Kwa hiyo nilipoandamana naye hospitalini niliingia nimejaa maswali. Daktari alikuwa kijana kama mimi, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alisafisha kidonda, akatoa maagizo: mguu usikanyagiwe, usilowe, na bandeji ibadilishwe na muuguzi tu.

"Damu inafika?" nikamuuliza. "Umepima mapigo ya mguu?"

Akaweka vidole viwili juu ya mguu wa baba, akatulia, akavisogeza, akatulia tena. "Yapo," akasema. "Dhaifu."

Nikaomba na mimi nijaribu. Nilibonyeza pale pale, nikangoja, nikasikia mapigo ya vidole vyangu mwenyewe. Ya baba sikuyapata. Lakini mimi si daktari. Nimezoea seli, si watu. Nikaondoa vidole, nikaliacha neno la daktari. Baba alinitazama kwa jicho la kicheko.

"Leo Bi Umejuaje ameishiwa."

Tukarudi. Alihamishia pedali kwenye mguu wa kushoto, na cherehani ikaanza kwenda kwa kukwamakwama, inakimbia, inasita, inakimbia. Muuguzi alikuwa akija kumfunga. Lakini kila nilipoigusa bandeji niliikuta imelowa. Baba alisema ni jasho. Mama alikuwa akikunja nguo, akaendelea kukunja.

Nilichelewa kuelewa kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa likifanyika mahali nisipoweza kufika. Nyuma ya ukuta wa msikiti wetu kuna birika, tangi la maji la kujengwa, wanaume wanakotawadhia. Nimelisikia maisha yangu yote, maji yakichotwa na kumwagwa miguuni, watu wakikohoa na kutaniana, lakini sijawahi kuliona. Siku moja nilimwona baba akitoka kwa mlango ule, bandeji ameishika mkononi, mguu mtupu unadondosha maji juu ya mawe. Alikaa kwenye kizingiti na kuanza kujifunga upya, kwa uangalifu, kama anavyopinda ukosi wa kanzu.

Nilimngoja nyumbani.

"Baba, huo mguu unautia kwenye mai?"

"Siutii. Naumwagia."

"Na bandeji?"

"Naitoa, kisha nairudisha. Mimi ni fundi, mwanangu. Kufunga kitambaa hakujanishinda."

"Mara tano kwa siku?"

"Kwani sala siku hizi zimepunguzwa?"

Mama alicheka, akaziba mdomo kwa leso. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba kila anapoing'oa bandeji anang'oa pamoja nayo kile kinachojaribu kuota. Kwamba maji ya birika yamepitiwa na miguu ya mtaa mzima. Kwamba katikati ya vidole hapakauki. Nilisema mengi, na kwa sauti ambayo nikiikumbuka siipendi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu urudi," akasema taratibu, "kipaji chako cha uso hakijagusa msala. Nimeona, nimenyamaza, nimesema mtoto amesoma, ana yake kichwani. Leo wewe ndiwe wa kunifundisha udhu?"

"Muache mwanao aseme," mama akaingilia. "Asema kweli."

"Sijasema ni uongo. Nimesema si wake wa kusema."

Basi nikaenda kumtafuta mwenye haki ya kusema. Ilikuwa kichekesho, na nilikijua: mimi, niliyekuwa nimeacha kusali kwa sababu hakuna aliyenijibu maswali yangu nikaridhika, nilikaa na simu nikisoma masuala ya kupaka maji juu ya bandeji, nani kasema nini, kwa masharti gani. Nilipokuwa na hakika, nikaenda nyumbani kwa imamu wa msikiti wetu. Mkewe alinikaribisha ndani. Mwenyewe akakaa dakani, kwenye kiingilio cha nyumba, uso kaelekeza mlangoni, na mimi nikasema naye nikiwa ukumbini.

"Binti yangu," akasema kabla sijamaliza, "hili nimeshamwambia kabla yako. Anayeogopea kidonda chake hupaka maji juu ya bandeji kwa mkono, na kama hilo nalo lina dhara, hutayamamu kwa udongo, bila maji. Si maneno yangu. Ndivyo tulivyosoma sote, na yeye kasoma pamoja nami."

"Sasa mbona hafanyi?"

"Anasema ruhusa hiyo ni ya mtu anayeumwa. Yeye hasikii kitu."

"Lakini kutosikia ndio ugonjwa wenyewe, sheikh."

"Mwambie hivyo."

"Nimemwambia."

"Basi tumekuwa wawili." Akaendelea kutazama mlango. "Nasikia wewe huamini mpaka uone."

"Nauliza tu."

"Uliza. Mimi silaumu mwenye kuuliza. Ila leo hukuja kuuliza. Umekuja kuazima ulimi wangu, na ulimi wangu umeshajaribiwa, haukufaa."

Mkewe akanipa kahawa na halua, na nikala, kwa sababu nilikuwa sijui la kufanya na mikono yangu.

Alasiri moja duka likiwa tupu, nilikaa sakafuni miguuni pa baba. Alikuwa akitia nakshi kwenye kifua cha kanzu. Sikutaka kubishana tena. Nikamwambia nilichokuwa nikifanya Nairobi. Sikuwahi kumweleza kwa kina. Kwake ilikuwa "kazi ya maabara" tu, na alidhani tunapima mkojo wa watu. Nilimwambia mshipa una bitana. Akainua uso.

"Bitana kabisa?"

"Bitana kabisa. Na bitana hiyo hutembea."

Nikamweleza kuhusu wavu unaokatika, na vipande vinavyobaki kuwa ndivyo vinavyoonyesha njia. Baba aliweka sindano kifuani mwa shati lake na kunisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mtu anayempa vipimo, bila kukatiza, kichwa upande.

"Kwa hiyo kipande kina ujumbe kuliko kitambaa kizima."

"Kwa wakati ule, ndiyo."

"Na hivi vyangu?"

"Vyako vinakatwa mno. Sukari inafanya vile vinavyokata visijue kuacha. Vinakata, vinakata tena, mpaka vipande vinakuwa vumbi, havina la kumwambia mtu. Na seli zenyewe zimechoka. Ndiyo maana nasema usiing'oe bandeji. Kile kidogo kinachoota kiache kiote."

"Na nyinyi huko mnavyo, hivyo vinavyoita?"

"Tunavyo."

"Vyauzwa?"

"Havijawa dawa, baba. Ni vya kujaribia kwenye sahani. Haijulikani kama mtu akitiwa vitamsaidia au vitamdhuru."

"Viko wapi?"

"Kwenye friji."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, bila hasira. "Umekaa navyo miaka miwili mkononi," akasema. Hakuwa akinilaumu. Nadhani alikuwa akishangaa tu, kama mtu anavyoshangaa anaposikia kwamba jirani aliyekuwa akimtafuta kumbe amepanda boti moja naye.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwamba hamwagii mguu ule maji kwa ukaidi, wala si kwa kuwa hajui ruhusa. Alisema kwa muda mrefu sasa, kabla hata ya sindano, mguu umekuwa kama wa mtu mwingine. Akikaa anausahau. Akilala hajui uko wapi. Anapotawadha, anaushika kwa mkono, anapitisha kidole katikati ya kila kidole, na kwa muda ule mfupi, kwa sababu mkono unasikia, mguu unakuwa wake. "Nikiacha kuuosha," akasema, "ni kama nimeshauaga."

Niliinama nikajifanya naokota vipande vya uzi sakafuni.

"Lakini nitapaka," akasema. "Kwa ajili yako, Bi Umejuaje. Tuone elimu yako."

Kuanzia siku ile alipaka. Alitawadhia nyumbani, mama akimshikia birauli ya maji, na alipofika kwenye mguu wa kulia alilowesha kiganja na kukipitisha juu ya bandeji mara moja, haraka, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kitu asichokijali. Hakwenda tena birikani. Wenzake walipita mlangoni na kumuulizia, naye akajibu kwamba amepata daktari mkali. Sala ya jamaa akaikosa mara nyingi kwa sababu kutembea nako nilikuwa nimemkataza. Niliona akipungua, na nikajiambia kwamba ni gharama ya muda mfupi.

Bandeji ilikuwa kavu sasa. Kila muuguzi alipoifungua nilisogea na kupiga picha, kisha nililinganisha picha na ile iliyotangulia. Nilikuwa nikitafuta kitu kimoja. Kidonda kinachopona, chini yake huota chembe nyekundu zinazong'aa, kama punje za komamanga. Zile ndizo mishipa mipya, ndizo seli zilizotambaa zikafika. Nilikuza picha mpaka ikawa madoa matupu. Chini ya kidonda cha baba palikuwa peupe, peupe pa kijivu, kama mnofu wa samaki aliyekaa kwenye maji. Nikajiambia taa ni mbaya. Nikajiambia simu yangu ni ya zamani. Siku moja niliona wekundu kidogo ukingoni, nikakimbia kumwonyesha mama, na muuguzi akasema kwa upole kwamba pale ndipo pamba iliposugua.

Nilimpigia simu aliyekuwa msimamizi wangu wa kazi. Nilimweleza yote, kwa lugha yetu ya maabara, kana kwamba nazungumzia sahani. Alinisikiliza, akauliza kuhusu mapigo ya mguu. Kisha akanikumbusha kitu nilichokuwa nakijua: kwamba vipande vinaweza kuita, na seli zinaweza kuitika, lakini mrija mpya huota kutoka kwenye mshipa wenye damu. Ikiwa ule mkubwa wa juu umeziba, hivi vidogo vinakwenda kuchota wapi? Alisema pole. Alisema pia kwamba huenda fedha za utafiti zikapatikana tena mwakani.

Jioni ile baba aliniuliza, bila kuinua macho kwenye kazi, "Kimepungua?"

"Hapana."

"Kimeongezeka?"

"Kidogo."

Akashona mstari mzima hadi mwisho, akaukata uzi kwa meno. "Sasa ulijuaje kwamba ni mai?"

Aliuliza kwa sauti yangu, neno langu mwenyewe, lakini hakuwa akinikejeli. Alitaka kujua. Na jibu la kweli ni kwamba sikujua. Maabara ningekuwa na sahani mbili: moja ya kumwagiwa maji, nyingine ya kuachwa kavu, na kila kitu kingine sawasawa. Yeye alikuwa na mguu mmoja wenye kidonda. Huenda maji yalikuwa yakiudhuru. Huenda hayakuwa na habari nao, na ungekwenda vile vile ulivyokwenda, ukioshwa au usioshwe. Nilikuwa nimemwondoa kwenye birika, kwenye wenzake, kwenye dakika zile ambazo mguu ulikuwa wake, kwa jambo ambalo mtu mwingine angeniambia ningemkazia macho na kumuuliza ushahidi uko wapi.

"Sikujua," nikasema. "Nilidhani."

"Basi," akasema. "Kudhani pia ni kitu."

Baada ya hapo mambo hayakutuhitaji tena. Kidole gumba kikageuka rangi, kwanza zambarau, kisha cheusi kikavu, halafu na kidole cha pili yake. Mama akawa anachoma udi tangu asubuhi, dukani na juu, na wateja wakasema nyumba yenu siku hizi yanukia kama ya harusi, wakapokea kanzu zao wakiwa wamesimama mlangoni. Shangazi yangu alivuka kutoka Kililana na asali ya shamba, mtu akaleta mafuta ya papa kutoka Kizingitini, mwingine akaleta habari za mganga. Nilipokea yote, na kwa mara ya kwanza maishani sikumuuliza yeyote amejuaje. Nilipaka asali. Kama wangeniletea mchanga ningeupaka.

Daktari safari hii alikuwa mwingine, mpasuaji, mwanamke mtu mzima. Alibonyeza juu ya mguu, akabonyeza nyuma ya kifundo, akapanda mpaka nyuma ya goti, na hapo, alipoyapata mapigo, akasimamisha vidole. Akasema mguu utakatwa chini ya goti. Nikamuuliza kwa nini si vidole tu, kwa sababu kisigino bado kina joto, nimekishika.

"Kina joto leo," akasema. "Nikikata palipokufa tu, pale nitakaposhona hapana damu ya kutosha, na hapatashika. Nitarudi kukata tena, na tena. Lazima nikate pazima."

Nilitaka kubisha. Nilikuwa na maneno yote. Baba akaniwekea mkono begani.

"Muache," akasema. "Hata kitambaa hushoni kwenye ukingo uliooza."

Akatia sahihi kwa herufi zake nzuri za fundi, na kabla ya kuchukuliwa akaomba maji. Muuguzi alisita, mama akatoa chupa. Baba akakataa kupaka juu ya bandeji, akaifungua mwenyewe, akaushika mguu wa kulia kwa mikono yote miwili na kuuosha, kidole kwa kidole, na vile vyeusi pia, mara tatu. Hakuna aliyemzuia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia.

Kwetu kiungo kilichotoka kwa mtu hakitupwi. Huzikwa. Muuguzi alitoka na kuuliza nani atapokea, na ami yangu, mdogo wake baba, akasogea pamoja na imamu. Walikipokea kifurushi kimeviringishwa kitambaa cheupe. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyokuwa nimejiandaa. Nikasema nakuja. Ami akanitazama, akamtazama imamu.

"Wanawake hawaendi makaburini kuzika, mwanangu. Unajua."

"Hili si jeneza."

"Si jeneza," imamu akakubali, na kwa kweli alionekana kutafuta jibu. Halafu akasema kwa upole, "Kaa na mamako."

Nikabaki langoni. Ami aliubeba mguu mikononi, mbali kidogo na kifua, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenziwe amshikie. Wakakunja kona.

Baba alipozinduka vizuri ilikuwa alasiri. Mama alikuwa ameenda kusali. Baba alitazama shuka pale lilipolala bapa, akalitazama muda mrefu, na uso wake haukuonyesha kitu.

"Wameuzika?"

"Wameuzika."

"Wapi?"

"Sijui hasa. Sikwenda. Ami atakuonyesha."

Akafumba macho. Nilidhani amelala.

"Ulikuwa umekufa wote?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kila mtu wodini angesema ndiyo. "Si wote," nikasema. "Vidole, na huku mbele. Kisigino kilikuwa kizima. Na hapo juu yake palikuwa pazima. Ilibidi akate pazima ndipo kidonda kishike."

"Pazima vipi?"

"Pana damu. Seli zake hai."

"Hata sasa? Huko chini?"

Nilihesabu kichwani, joto la udongo, saa zilizopita, mambo niliyofundishwa. "Baadhi," nikasema. "Kwa muda mdogo."

"Na zile za bitana?"

"Nazo."

Aligeuza uso kunielekea. Macho yake yalikuwa makavu, yamefunguka vizuri, ya mtu anayetaka kujua tu.

"Zitakuwa zinatambaa," akasema. "Zinatafuta pa kwenda."

Akangoja nimwambie ni kweli au si kweli. Kwenye sahani, bila damu, zinaendelea kutambaa kwa muda mrefu sana, lakini pale tunazilisha. Kwenye udongo sijui. Hakuna aliyetazama.

"Sijui, baba," nikasema.

Akaendelea kungoja.